Kitanda cha Chuma na Nyumba ya Odero

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa ya jua kali bandarini Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa kijana, kifua mbele, nimesimama juu ya kitanda cha chuma nilichokibuni mwenyewe, na niliamini kwamba katika mji huu mzima hakuna mtu anayeweza kulinganisha bei kunishinda mimi.

Na kusema kweli, hakuwepo. Sitajishusha hapa ili nionekane mnyenyekevu. Niliishia darasa la tano, karo ikakatika, nikaanza kubeba magunia. Leo nina yadi yangu, nina winchi, nina malori marefu ya kubeba mashine ambazo wenye digrii wanaziogopa hata kuzigusa. Nyumba yangu iko Milimani, na jirani yangu, mtu mkubwa serikalini aliyestaafu, hunisalimu yeye kwanza. Haya yote nimeyapata kwa kichwa hiki. Kwa hiyo nikikuambia kwamba kichwa hiki kiliwahi kufanya hesabu sahihi iliyoumiza mtu, usidhani nimechoka au nimeanza kuzeeka. Nisikilize.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa na Mama Peres. Alikuwa mjane. Mume wake alimwachia yadi karibu na reli, winchi moja kuukuu, na genge la watu wa kamba, yaani wale wanaovuta mashine nzito kwa mikono, kwa kamba na mabomba ya kuviringishia, pale ambapo lori haliwezi kufika. Mimi nilikuwa mtu wake wa kununua vitu. Akitaka kamba, natafuta kamba. Akitaka grisi, natafuta grisi. Na sikurudi hata mara moja na bei ya kwanza niliyotajiwa.

Mama Peres akapata kazi ambayo kampuni kutoka Nairobi iliitaka sana: kuhamisha injini nne za dizeli, kubwa kama vyumba vya kulala, hadi kiwanda cha pamba upande wa Homa Bay. Zingefika Kisumu kwa gari la moshi, moja baada ya nyingine, kisha zivuke ghuba kwa meli ya mizigo. Siku hizo bado ziwa lilikuwa na meli za maana. Leo ukienda pale bandarini utaona magugu yamefunika maji hata usijue nchi kavu inaishia wapi.

Sasa, mwanangu, injini ya namna ile huwezi kuiburuta kwa tumbo lake. Lazima ikae juu ya kitanda. Sisi tulikiita hivyo, kitanda: mihimili miwili mirefu chini, mingine imekatiza juu yake, yote imefungwa pamoja kwa boliti. Injini inakaa juu, mabomba yanapita chini, watu wanavuta. Kitanda kinapanda nayo melini, kinashuka nayo, kinafika nayo mpaka ndani ya kiwanda. Kikivunjika njiani, umeua injini na pengine umeua mtu.

Siku zote kitanda kilikuwa cha mbao. Mama Peres akaniita, akasema, "Ogola, hii kazi nimeichukua kwa bei ya chini. Tafuta mahali pa kupunguza."

Kunipa mimi maneno hayo ni kumfungulia ng'ombe shamba la mahindi.

Nilianza na soko la Kibuye, kwa wauza mbao. Mvule bei yake ilikuwa juu, maana ilitoka mbali, mpakani, lakini ni mbao ya kuaminika. Maji haiogopi, mchwa haiogopi. Ubaya wake ni uzito. Meli ilitoza kwa uzito, na kitanda kilipimwa pamoja na mzigo, kwa hiyo mvule unailipia mara mbili, dukani na kwenye mizani. Blugamu, yaani mkaratusi, ilikuwa rahisi, na nyepesi kidogo, lakini ukiuziwa mbichi, wiki ya pili inapasuka kama mkate. Niliuliza, nikauliza tena, nikapima kwa futi, nikarudi kuuliza, mpaka mwenye mbao mmoja, mzee mnene aliyekaa juu ya bidhaa yake mwenyewe, akachoka nami.

"Kijana, tangu asubuhi umeuliza bei ya huu mti mara ngapi?"

"Naangalia tu, mzee."

"Basi angalia na macho, mdomo uupumzishe. Mdomo wako unanimalizia mbao zangu, na bado hujanunua hata kijiti cha kuchokoa meno."

Watu wakacheka. Mimi nikaenda zangu kwa wauza skrapu. Huko nikakuta girda za daraja kuukuu, mihimili ya chuma kizito, imenyooka. Bei yake ya kununua ingekufanya utafute mahali pa kukaa. Ukiongeza fundi wa kuchomelea, na nilikuwa na mmoja mzuri Nyamasaria, bei inazidi kupanda. Ukiongeza uzito wa chuma melini, inapanda zaidi. Mtu mwingine angegeuka pale pale arudi kwa mbao. Mimi nikajiuliza swali ambalo hakuna aliyejiuliza kabla yangu: kitanda kikishafika, kinaenda wapi?

Cha mbao hakikuwa kinarudi. Kila injini, kila boila, kila mashine ya miwa iliyopelekwa na yadi yetu ilikwenda na mbao mpya, na mbao hazikuonekana tena. Kumbe chuma unaweza kukifungua boliti, ukakipandisha melini, ukakirudisha Kisumu kikabebe ya pili. Nauli ya kukirudisha utalipa, ndiyo, lakini ni kitanda kimoja kwa injini nne. Nikagawanya kwa nne. Chuma kikaishinda mvule. Kikaishinda hata blugamu. Nilirudia hesabu ile nikiwa nimesimama barabarani, baiskeli zinanipita, na nikacheka peke yangu kama mwehu.

Mama Peres alinisikiliza hadi mwisho.

"Una hakika, Ogola?"

"Mama, lete karatasi nikuonyeshe."

"Karatasi sitaki. Niangalie, useme una hakika."

"Nina hakika."

"Na hizo mbao za kila siku, huwa zinaenda wapi?"

"Zinabaki huko huko, Mama. Zinapotea."

Mama hakuuliza zaidi. Marehemu mume wake alikuwa ameibeba biashara yote kichwani, na alipoondoka aliondoka nayo. Tukanunua chuma.

Sasa nikujulishe watu wawili, kwa sababu bila wao huwezi kuelewa. Mkuu wa genge alikuwa Mzee Obura, mfupi, miguu imepinda, mikono kama mizizi. Alikuwa na genge lile tangu marehemu akiwa kijana. Na kulikuwa na Odero, mwenye nguvu kuliko wote, ambaye pia ndiye aliyeanzisha nyimbo. Ujue, injini haivutwi kwa nguvu tu. Inavutwa kwa wimbo. Mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na kwenye kuitikia ndipo kamba zote zinakazwa kwa pamoja. Odero aliimba majina ya wanawake wa mjini, alimwimba mpishi wa melini, aliniimba hata mimi, kwamba nikienda kuposa nitamwomba baba mkwe anipunguzie. Wenzake walikuwa wakivuta huku wanacheka, na mashine inakwenda.

Siku ya injini ya kwanza, Mzee Obura alikizunguka kitanda cha chuma polepole, akakigonga kwa kidole.

"Kizuri," akasema. "Na hiki kitarudi?"

"Kitarudi, jaduong', mzee wangu. Ndio uzuri wake."

"Mm."

Akaenda kufunga kamba. Niliona watu wa genge wanatazamana, halafu wote wanamtazama Odero. Odero alikuwa ameinama, anakaza kifundo ambacho kilikuwa kimeshakazwa. Siku hiyo hakuimba. Mzee Obura alihesabu kwa sauti badala ya wimbo, injini ikasogea kama mgonjwa, na kazi ya asubuhi ikatuchukua hadi jua linaelekea magharibi. Mimi nikasema ni kwa sababu chuma ni kigeni kwao, watazoea.

Tulivuka. Homa Bay tukashusha, tukavuta hadi kiwandani, tukaiinua injini kwa jeki, tukakifungua kitanda kipande kwa kipande. Hakuna kilichopinda wala kilichopasuka. Nilikuwa nimefurahi hata nikamnunulia nahodha soda. Nje ya lango la kiwanda nikaona mkokoteni wa ng'ombe wawili, na wanaume watatu wamekaa chini wanasubiri. Mmoja alikuwa amekuja na kamba mpya ya katani, bado ina harufu ya duka. Walitutazama tukipakia girda kuzirudisha bandarini. Walitazama mpaka ya mwisho. Kisha yule mkubwa wao akasimama, akaongea na Odero maneno machache, wakageuza ng'ombe, wakaondoka na mkokoteni mtupu.

Nikamuuliza Mzee Obura, kwa mzaha, "Hao walikuja kubeba nini?"

Hakunitazama. "Nyumba," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Lakini tulipokuwa melini tunarudi Kisumu, tumeketi juu ya chuma changu kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuketi, alikuja akakaa karibu nami. Odero alikuwa mbali, nyuma ya meli, anatazama maji.

"Ogola, wewe ni mtoto wa watu, kwa hiyo nitakuambia kwa lugha ya watu," akaanza. "Ulimwambia Mama mbao zinapotea. Zinapotea wapi? Homa Bay si shimo."

"Zinabaki huko, mzee. Hatuzipati."

"Nyinyi hamzipati. Sisi tunazipata. Mume wa huyu mama alikubaliana na mimi kabla wewe hujaota ndevu. Alisema, Obura, mshahara mkubwa sina, lakini kitanda kikishafika ni chenu. Sisi ni watu wa zamu. Mashine moja, mtu mmoja. Anachukua mbao zote, anaenda kwao anajenga. Unafikiri watu wa kamba wanajenga na nini? Na mshahara huu?"

"Hiyo imeandikwa wapi?"

"Imeandikwa Asembo, kwa Were. Imeandikwa Kendu, kwa Okech. Imeandikwa Nyakach, kwangu. Nenda ukasome, paa zake unaziona ukiwa barabarani." Akaelekeza kidevu nyuma ya meli. "Leo ilikuwa zamu ya Odero. Wale ni wadogo zake na mjomba wake. Odero ndiye mtoto wa kwanza. Hana nyumba kwao. Amekaa mtaa wa Nyalenda chumba cha kukodi mpaka watoto wanne. Na kwa sababu yeye hajajenga, wadogo zake nao hawajajenga, maana hawawezi kumruka kaka yao. Boma zima limesimama kwa mtu mmoja. Na baba yao ni mgonjwa. Mzee anataka kuona mtoto wake amechimbia nguzo kabla hajaondoka. Ndio kitu cha pekee anachoomba. Wewe umekileta hiki chuma, kinarudi nyumbani kama mtalii."

Mwanangu, hapo ndipo ningetakiwa kukaa kimya. Lakini nilikuwa kijana na nilikuwa nimeshinda. Nikamjibu mzee wa umri wa baba yangu, "Mzee, kampuni haijengei watu nyumba. Kampuni inabeba mashine."

Mzee Obura aliinuka, akapangusa kutu kwenye suruali yake. "Sawa," akasema. "Hesabu yako ni nzuri. Lakini umelinganisha mbao na chuma tu. Mtu hukumweka upande wowote."

Akaenda kukaa na Odero.

Injini ya pili ilifika baada ya miezi miwili hivi, na tukaipeleka kwa chuma. Walifanya kazi. Usidhani waligoma, wale hawakuwa watu wa kugoma. Walikuwa na watoto. Walivuta, wakashusha, wakafungua boliti, wakapakia chuma kirudi. Wimbo hakuna. Mpishi wa meli aliniuliza kama genge letu limeokoka. Nje ya lango la kiwanda safari hii hapakuwa na mkokoteni.

Muda si mrefu habari zikaja yadini kwamba baba yake Odero amefariki.

Mama Peres ni mtu wa kanisa na mtu wa watu. Akasema twende wote, akafunga yadi, tukapanda pikapu yake tukazunguka kwa barabara hadi kwao Odero. Nilivaa suti yangu ya kwanza, ya kijivu, niliyoinunua Kibuye kwa mtu aliyedhani ni koti tu, hajui suruali iko chini ya lundo. Nilifika nikiwa nimependeza kuliko wafiwa.

Unajua msiba wa kwetu unavyokwenda. Wakwe wanakuja kwa kundi, na kila mtoto wa marehemu anawapokea wakwe zake kwake, nyumbani mwake, hapo ndani ya boma la baba. Huko ndiko wanakokaa na kula. Watu wa kwao mke wa Odero walikuja wengi, na walikuja vizuri, na fahali, na kwaya ya kanisa lao. Wakasimama katikati ya boma na mizigo yao vichwani, wanangoja waonyeshwe mlango wa mkwe wao. Hapakuwa na mlango. Hawa walikuwa wakwe wa mtoto wa kwanza. Odero alitembea mbele yao, mtu mkubwa vile, amebeba viti viwili kila mkono, akawapeleka kando ya ua, mahali ambapo alikuwa amefunga turubai kwenye miti. Mama mkwe wake alikuwa mwanamke mzee. Alipoona ni turubai, alisimama kidogo, akamtazama binti yake, kisha akainamisha kichwa akaingia. Wadogo wawili wa Odero walikuwa wamesimama pembeni, vijana wazima wenye umri wa kuoa, wanatazama ardhi.

Mama Peres alikuwa kando yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu Odero amefanya kazi kwetu miaka yote hii, hana hata nyumba? Pesa anapeleka wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Mdomo ulifunguka kabla sijaupanga. Nikamweleza yote, pale pale msibani: makubaliano ya marehemu mume wake, zamu, mkokoteni, na maneno niliyomjibu Mzee Obura. Alisikiliza bila kunikatiza, macho yake kwenye lile turubai.

"Marehemu mume wangu hakuniambia," akasema mwishowe. "Na wewe ulijua tangu injini ya kwanza."

"Nilijua tulipokuwa tunarudi, Mama."

"Na ya pili ukaipeleka kwa chuma."

"Ndiyo, Mama."

"Ulikuwa unaniokolea pesa."

"Ndiyo."

"Pesa ya nani?"



Tuliporudi Kisumu nilikaa na hesabu yangu upya. Safari hii niliweka genge ndani. Nikaweka mshahara ambao watu wa kamba wangelipwa kama wasingekuwa wanapata mbao, mshahara wa kweli, ule ambao kampuni ya Nairobi ililipa. Chuma kikapanda, kikapanda, kikafika pale pale mbao zilipokuwa. Nafuu yangu yote ilikuwa imetoka mfukoni mwa watu wanaovuta kamba. Sikuwa nimevumbua chochote. Nilikuwa nimekata mishahara bila kumwambia mtu, hata mimi mwenyewe sikujiambia.

Mama Peres alikiuza kile chuma kwa mtu wa viwanda vya sukari, kwa hasara, na hakunilaumu kwa neno lolote, jambo ambalo lilinichoma kuliko kulaumiwa. Kwa injini ya tatu na ya nne akasema kitanda kiwe mbao, na mbao zichaguliwe na Mzee Obura. Nilikwenda naye Kibuye. Ndipo nikaona jambo nililolipita siku zote. Alikuwa anachagua mihimili kwa macho ya fundi wa nyumba. Huu utakuwa nguzo ya kona. Huu mrefu utabeba paa. Boliti alitoboa mahali ambapo tundu halitaudhuru mti baadaye. Na blugamu alichukua iliyokauka tu. Ndiyo maana vitanda vyao havikupasuka hata siku moja: walikuwa wanasafirisha injini juu ya nyumba zao wenyewe, nani angeipakia vibaya?

Siku tunavuta kwenda melini, Odero hakuimba. Alikuwa bado na msiba. Wimbo ulianzishwa na Mzee Obura, kwa sauti mbaya ambayo sijaisikia tena maishani, kama lango lisilotiwa mafuta, na genge likaitikia hivyo hivyo, na injini ikakimbia. Na mimi nikavua koti nikashika kamba. Hakuna aliyenikaribisha, hakuna aliyenifukuza.

Homa Bay, mkokoteni ulikuwa umerudi. Tulipoifungua mihimili, Odero aliinua mmoja peke yake akauweka juu. Nilimsaidia na wa pili. Tukiwa tumeushika huku na huku, akaniambia, si kwa hasira, kama mtu anayekupa habari za nyumbani:

"Baba alikuwa anauliza kila nikienda. Mbao zimefika? Nikamwambia meli imechelewa."

"Ulimwambia hivyo?"

"Sasa ningemwambia nini, omera, ndugu yangu? Kwamba hazijanunuliwa? Nikamwambia ziko njiani, meli imechelewa kidogo. Akasema sawa, ziwa ni ziwa. Siku ya mwisho pia aliuliza. Nikamwambia ziko njiani."

Akakaza kamba juu ya mihimili, akamgonga ng'ombe kwa kiganja, wakaondoka. Nilibaki nimesimama pale mlangoni mwa kiwanda. Yule mzee alikufa akisubiri meli. Na meli ilikuwa imepita mbele yake mara mbili, imebeba chuma.

Nyumba ilijengwa. Bati lake linang'aa mpaka leo, na wadogo zake wakajenga baada yake, na boma lile sasa lina watoto wengi kiasi kwamba Odero huwachanganya majina. Nimekaribishwa humo, nimekula humo. Lakini yule aliyeiomba hakuiona, na hakuna hesabu ninayoijua, hata mimi, inayoweza kulirekebisha hilo.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na niisemayo usiipeleke kwa wajuzi wakuchambulie, ifanye tu. Nyinyi vijana mnakuja yadini kwangu na kalkuleta mfukoni, mnanionyesha hiki ni bei gani na kile ni bei gani, mbao au chuma, lori au meli, na mnanifurahisha kwa sababu mnanikumbusha mimi. Linganisha. Usiache kulinganisha, mtu asiyelinganisha ataibiwa maisha yake yote. Lakini ukiona kitu kimoja kimekuwa rahisi ghafla kuliko kingine, usishangilie. Simama uulize: nani alikuwa anakula kutoka kwenye kile cha ghali? Nenda umtafute. Muulize yeye mwenyewe, uso kwa uso, kabla hujasaini. Ukikuta unafuu wako ni chakula cha mtu, basi mlipe kwanza, kisha uhesabu tena. Kama bado ni rahisi, endelea kwa amani. Kama si rahisi tena, ujue haikuwa rahisi tangu mwanzo. Na mzee akikuambia jambo mkiwa mmekaa pamoja, usimjibu siku hiyo hiyo. Lala nalo. Mimi nilijibu haraka, na haraka ile ikala miezi ambayo mtu mwingine hakuwa nayo.

Siku hizi natumia chuma, sikufichi. Ni imara, na mashine za sasa ni nzito mno kwa mbao. Lakini kila mzigo ukifika, mtu mmoja wa genge langu, kwa zamu, anapewa mbao za nyumba, mpya, zilizokauka, anazichagua mwenyewe Kibuye na mimi nalipa. Ninaiweka katika bei yangu waziwazi, na mteja akiuliza hii ni nini, namwambia ni mbao za watu. Wenzangu katika kazi hii wananicheka. Wacheke. Wao kila msimu wanatafuta genge jipya, na mimi watu wangu wananizikia wazazi na kunichezea harusi, na mashine zangu zinakwenda kwa wimbo.

Basi nenda, mwanangu. Mungu wa baba zetu akupe akili ya kuona bei, na macho ya kumwona mtu aliyesimama nyuma ya bei. Akupe kazi nzito na watu wa kuivuta nawe. Na utakapojenga, akujalie uijenge mapema, baba yako akiwa bado ameketi pale nje, ana nguvu ya kugeuza shingo na kukuambia nguzo hiyo imepinda.